Kiu ya Coolgardie: Walowezi wa Machimbo ya Dhahabu Australia Magharibi

Kiangazi cha mwaka 1894, mgeni aliyefika Coolgardie aliweza kuinama akaokota dhahabu mchangani, lakini maji hakuyapata mpaka atoe fedha. Galoni moja, ambayo ni kama lita nne na nusu, iliuzwa peni kadhaa siku za neema, na siku za ukame bei yake ilipanda hata kufika shilingi mbili. Farasi mmoja hunywa galoni saba au nane kwa siku. Mwenye kujua hesabu na aipige.

Mji huo uko Australia Magharibi, yapata kilomita 550 mashariki ya Perth, ukingoni mwa jangwa. Mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 260, pungufu ya nusu ya ile inayonyesha Dodoma, na Dodoma yenyewe hakuna anayeisifu kwa mvua. Mto hakuna. Maziwa yanayoonekana kwenye ramani ni mabonde ya chumvi, hupata maji siku chache baada ya mvua kisha hubaki ukoko mweupe unaoumiza macho. Katika nchi ya namna hiyo walimiminika makumi ya maelfu ya watu ndani ya miaka sita. Vitabu vingi vinavyosimulia mbio zile hufuata dhahabu: nani aliiona kwanza, nani alitajirika, nani alifilisika. Mimi naona anayetaka kuyaelewa maisha ya watu wale afuate maji, maana maji ndiyo yaliyoamua nani aishi, nani atajirike na nani afukuzwe.

Hata ugunduzi wenyewe ulianzia kisimani. Mwezi Septemba 1892, Arthur Bayley na William Ford walipumzisha farasi wao penye kisima kidogo cha wenyeji, na katika kuzungukazunguka hapo wakakuta vipande vya dhahabu vimelala juu ya ardhi. Bayley akapanda farasi mpaka Southern Cross, mji wa machimbo ya awali ulioko kiasi cha kilomita 190 magharibi, na tarehe 17 akamwekea ofisa wa madini mezani wakia 554 za dhahabu, yaani kama kilo 17. Habari haikuhitaji mpiga mbiu. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Waairishi watatu, Paddy Hannan, Tom Flanagan na Dan Shea, wakakuta dhahabu nyingine kilomita 40 mbele, mahali palipokuja kuitwa Kalgoorlie. Hannan aliandikisha eneo lake tarehe 17 Juni 1893, na ndani ya siku chache mamia ya watu walikuwa njiani.

Kwa nini walikuja wengi hivyo? Sababu mojawapo iko upande wa pili wa bara. Mwaka 1893 mabenki ya Melbourne yalifunga milango moja baada ya jingine, na maelfu ya mafundi, makarani na wakulima wakajikuta hawana kazi wala akiba. Wengi wao hawakuwahi kushika sururu maishani. Waliwaacha wake na watoto katika koloni lao la Victoria, wakapanda meli hadi bandari ya Albany au Fremantle, kisha wakaanza kutembea. Reli ilifika Southern Cross mwaka 1894. Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa ni miguu. Aliyekuwa na pauni mbili tatu alimlipa mwenye mkokoteni ambebee mzigo, yeye akafuata nyuma vumbini mchana kutwa. Asiye nazo alisukuma toroli.

Walipofika walikutana na tatizo ambalo wachimbaji wa California na wa Ballarat kule Victoria hawakulijua. Kule dhahabu ilioshwa: unachota mchanga wa mtoni, unauzungusha na maji kwenye karai, mchanga unatoka, dhahabu inabaki. Coolgardie hapakuwa na maji ya kuoshea uso, sembuse mchanga. Basi wakapepeta. Mchimbaji alishika karai juu ya kichwa, akamimina udongo mkavu taratibu kwenye karai jingine lililokuwa chini, upepo ukachukua vumbi, kilicho kizito kikaanguka. Akarudia tena na tena, mwisho akapuliza kwa mdomo. Baadaye zikaja mashine za kutikisa zenye mivukuto. Kazi hiyo ilimjaza mtu vumbi jekundu puani, masikioni na machoni, na kwa kuwa nzi nao walikuwa wengi kupita kiasi, macho yaliuma na kuvimba hata baadhi wakapoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Chakula kilikuwa nyama ya kopo na mkate wa unga uliookwa kwenye majivu. Mboga haikuwapo. Mkwaruzo mdogo wa mkono uligeuka donda lisilopona kwa wiki nyingi.

Kisima cha nani?

Nchi ile haikuwa tupu. Wangkatha na makabila jirani waliishi humo tangu enzi na enzi, nao walijua kila tundu la maji. Katika miamba ya matale kuna mashimo ya asili yanayokusanya maji ya mvua. Wenyeji waliyafunika kwa mawe na matawi ili jua lisiyakaushe na wanyama wasiyachafue. Familia ilipiga kambi, ikanywa kwa kiasi, ikahamia shimo lingine kabla la kwanza halijakauka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yao, na uhai wa watoto wao ulitegemea kila shimo kukutwa lina maji zamu yake ikifika.

Msafara wa farasi kumi uliweza kulikomba shimo kama hilo asubuhi moja. Ngamia mwenye kiu hunywa zaidi ya lita mia kwa mkupuo. Wachimbaji hawakuwa na habari kwamba kuna zamu, na waliokuwa na habari hawakujali. Wenyeji walirudi kwenye visima vyao wakakuta tope, halafu wakaja kwenye kambi za Wazungu kuomba maji na unga, na magazeti ya siku zile yakawaandika kuwa ni ombaomba na wezi.

Kuna yaliyokuwa mabaya zaidi. David Carnegie, mtoto wa lodi wa Uskoti aliyepata fedha kwenye machimbo hayo, aliongoza msafara mwaka 1896 kutoka Coolgardie kuelekea kaskazini hadi Halls Creek na kurudi. Njiani aliwakimbiza watu wa jangwani kwa ngamia, akawakamata, akawafunga kamba na kuwalisha nyama ya chumvi mpaka kiu iwalazimishe kumwonyesha maji. Hakulificha jambo hilo. Aliliandika mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1898, kwa sauti ya mtu anayeeleza mbinu ya safari. Baada ya hapo aliajiriwa na serikali ya kikoloni huko Nigeria, na mwaka 1900 akafa kwa mshale wa sumu. Miaka michache baadaye mpima ardhi Alfred Canning, akitafuta njia ya kupitishia ng'ombe jangwani, alitumia minyororo kwa kazi ileile. Mpishi wa msafara alimshitaki, Tume ya Kifalme ikaundwa mwaka 1908, na tume ikamsafisha.

Walowezi maskini walioteseka kwa kiu wanastahili huruma yetu, nami sitaki kuwapunguzia. Lakini kiu yao waliikuta. Kiu ya Wangkatha ililetwa.

Wenye ngamia

Farasi na punda walikufa njiani kwa mamia, na mizoga yao ndiyo iliyomwonyesha mgeni barabara. Aliyeyaokoa machimbo ni ngamia pamoja na watu waliojua kumfuga. Walikuja kupitia Karachi: Wapashtuni wa Afghanistan, Wapunjabi, Wasindhi, na Wabulushi, watu ambao masultani wa Oman na Zanzibar waliwaajiri kuwa askari na ambao vizazi vyao vipo Mombasa na Unguja hadi leo. Australia iliwaita wote kwa jina moja, Waafghani.

Ngamia dume mwenye nguvu alibeba kilo 400 na zaidi, akatembea siku kadhaa bila kunywa, akala majani ya miti ambayo farasi hayaonji. Walibeba unga, bati, baruti, piano za mabaa, na kwa masafa marefu walibeba maji yenyewe. Ndugu wawili, Faiz Mahomet na Tagh Mahomet, walijenga kampuni kubwa ya usafirishaji yenye mamia ya ngamia. Coolgardie kulikuwa na mtaa wao pembeni ya mji, na msikiti wa bati na miti. Mwezi Januari 1896 Tagh Mahomet alipigwa risasi na Mwislamu mwenzake akiwa anasali humo. Muuaji alinyongwa Fremantle mwaka huohuo. Kisa hicho kilijaza magazeti kwa wiki nyingi.

Sheria za machimbo ziliwanyima watu wa Asia na Afrika hati ya uchimbaji. Mwenye ngamia aliruhusiwa kumletea mchimbaji chakula, lakini kuchimba, hapana. Wenye mikokoteni ya farasi, ambao biashara yao iliharibika, waliungana na wanasiasa kuwapiga vita, na Frederick Vosper, mhariri wa gazeti la Coolgardie Miner, akaongoza jumuiya ya kuwapinga Waasia. Na ugomvi mkubwa ulikuwa palepale kisimani. Wazungu walilalamika kwamba Waafghani wanachafua maji kwa kutawadha. Mwaka 1894, kwenye kisima kimoja njiani kuelekea bandari ya Esperance, mchimbaji mmoja aliwafyatulia risasi Waafghani kwa madai kwamba walikuwa wakinawa miguu ndani ya maji ya kunywa. Mmoja alikufa. Mahakama ikamwachia huru aliyeua.

Mtu wa pwani yetu akilisikia hilo ataona upesi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Dini ya watu wale ina tayamamu, yaani kujitwahirisha kwa udongo pasipo maji, na msafiri wa jangwani anaijua kuliko imamu wa mjini. Wala farasi wa Wazungu hawakuwa na adabu yoyote kisimani, nao hawakupigwa risasi. Waliochukiwa walichukiwa kwa mengine, kisima kikawa kisingizio.

Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1901 iliyowafungia mlango watu wasio weupe, na baada ya reli na malori, wengi walirudi makwao. Waliobaki walikuwa wamechangisha fedha pamoja na wafanyabiashara Waislamu na kujenga msikiti wa Perth, ulioanza mwaka 1905 na ambao bado unasaliwa. Ngamia wao waliachiwa porini, na uzao wao leo ni miongoni mwa makundi makubwa ya ngamia mwitu duniani.

Kabla sijaondoka kwenye usafiri, kuna chombo kingine kilichopendwa mno Coolgardie: baiskeli. Tarishi wa baiskeli walibeba barua na simu za maandishi kati ya kambi kwa kufuata njia ngumu zilizokanyagwa na ngamia. Sababu ya kupendwa kwake ni rahisi kuifahamu. Baiskeli hainywi.

Homa

Maji ya kunywa yalitoka wapi, basi? Mengi yalitengenezwa. Chini ya mabonde ya chumvi kulikuwa na maji yenye chumvi kuliko ya bahari; yalivutwa, yakachemshwa kwenye matangi ya chuma, mvuke ukapitishwa kwenye mabomba marefu ya bati mpaka upoe, na matone yakakusanywa. Mitambo hiyo ilifuka moshi usiku na mchana pembeni ya kila kambi. Ilikula kuni bila kiasi. Miti ya mikaratusi ilikatwa kwa maili nyingi kuzunguka mji, na baadaye kampuni zilijenga reli mahsusi za kuni kwenda mbali zaidi kila mwaka. Maji yaliyotoka humo yalikuwa ya vuguvugu na yenye ladha ya kutu, lakini yalikuwa salama. Tatizo ni bei. Asiyeweza kununua alikunywa ya dimbwini, na dimbwi lilipokea kila kitu: mizoga, kinyesi, maji ya kufulia.

Homa ya matumbo iliwashambulia kila kiangazi. Iliua mamia, wengi wao vijana wa kiume wenye miaka ishirini na thelathini, waliokuja na afya njema. Dawa haikuwapo, antibiotiki ya kutibu ugonjwa huo ilikuja nusu karne baadaye. Kilichomponya mgonjwa, kama alipona, ni kunyweshwa kidogokidogo, kufutwa mwili kwa maji ya baridi ili homa ishuke, na kulindwa asile chakula kigumu kwa wiki tatu au nne mpaka utumbo upone. Yote hayo yanahitaji maji safi na mtu wa kukaa kitandani pako usiku kucha. Mchimbaji wa peke yake hemani hakuwa na kimoja wala kingine. Wenziwe walimkuta amekufa, wakamshonea blanketi, wakamzika, na kama hawakujua jina lake kamili, kaburi likabaki bila jina.

Hospitali zilianza kwa mahema. Watawa wa Mtakatifu Yohane wa Mungu, waliotoka Wexford nchini Ireland na kufika Perth mwaka 1895, walifika kwenye machimbo kabla karne haijaisha. Wanawake waliozoea baridi na ukungu wa Ireland walifanya kazi ndani ya turubai katika joto la nyuzi 40, wakiwa wamevaa majoho mazito, nguo za wagonjwa zikifuliwa kwa maji yaliyopimwa kwa kikombe. Habari zao zimeandikwa kidogo mno ukilinganisha na zile za kina Hannan.

Reli ilipofika Coolgardie mwezi Machi 1896, na Kalgoorlie mwezi Septemba mwaka huohuo, wanaume waliobahatika wakaanza kuwaita wake zao. Mke alishuka kwenye treni akaonyeshwa nyumba: miti minne, kuta za gunia lililopakwa chokaa, paa la bati, sakafu ya udongo. Uzuri wake ni kwamba machimbo yakiisha unaikunja, unaipakia mkokotenini, unahamia kwingine. Kodi yake ilikuwa joto na vumbi. Mama wa nyumba aliyatumia maji yaleyale mara tatu au nne: yaliosha mtoto, yakafua, yakasugua vyombo vya nje, mwisho yakamwagiwa shina la nyanya kama lilikuwapo. Hapo ndipo lilipobuniwa sanduku maarufu la Coolgardie la kutunzia chakula, kabati la mbao au bati lililozungushiwa gunia linalonyonya maji kutoka sinia lililo juu. Upepo ukipita, maji yanakauka na ndani panapoa. Ni kanuni ileile ya mtungi wetu unaotoa jasho. Sanduku hilo lilitumika Australia nzima mpaka majokofu yalipoenea.

Mji wa uvumi

Kufikia 1898 Coolgardie ilikuwa na watu yapata 15,000 na ilikuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika koloni, nyuma ya Perth na Fremantle. Ilikuwa na hoteli zaidi ya 20, viwanda vitatu vya bia, magazeti kadhaa na masoko ya hisa. Bia, bila shaka, mara nyingine ilikuwa kinywaji salama kuliko maji.

Hisa ndizo zilizokuwa ulaghai wenyewe. Mwaka 1894 kikundi cha wachimbaji sita kilipata mwamba wenye dhahabu nyingi ajabu mahali panapoitwa Londonderry. Lodi Fingall wa Ireland akaununua, shimo likafungwa lisiguswe na mtu, na kampuni yenye mtaji wa pauni 700,000 ikaandikishwa London. Lilipofunguliwa mwaka 1895 ikaonekana dhahabu iliishia juujuu. Wanunuzi wa hisa wa Uingereza waliolinunua shimo kwa kalamu walipata hasara bila hata kushika sururu.

Kisa cha Kanowna, mji mwingine wa machimbo, kinachekesha zaidi, au kinasikitisha, tegemea unasimama wapi. Mwaka 1898 ulienea uvumi kwamba vijana fulani wamepata pande kubwa la dhahabu lenye umbo la mundu, wakamwonyesha padri kijana, Padri Long, kwa kiapo cha siri. Mji mzima ukamsonga. Tarehe 11 Agosti alisimama roshanini mwa hoteli mbele ya maelfu ya watu, akataja kwamba lilipatikana kwenye njia ya Kurnalpi karibu na ziwa la chumvi. Kabla hajamaliza, umati ulishatimka kwa farasi, mikokoteni na baiskeli. Hawakupata kitu. Waliochimba walichimba, wakarudi wakimtukana mtumishi wa Mungu, naye mwaka uliofuata akafariki. Pande lenyewe halijaonekana mpaka leo, na Kanowna, iliyowahi kuwa na watu maelfu, sasa ni kichaka na makaburi.

Wakati huo dhahabu ya juu ilikuwa inakwisha, na kazi inahamia chini ya ardhi, mikononi mwa kampuni. Ndipo alipofika mhandisi kijana wa Kimarekani, Herbert Hoover, mwaka 1897, akiwa hajafikisha miaka 23. Alipendekeza kununuliwa kwa mgodi wa Sons of Gwalia karibu na Leonora, akausimamia, na akawaajiri Waitalia kwa kuwa walikubali malipo madogo na masharti magumu zaidi. Yeye alikuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1929. Waitalia walibaki Gwalia kwenye vibanda vya bati na magunia. Mgodi ulipofungwa mwezi Desemba 1963, mji wa watu zaidi ya elfu moja ulihamwa ndani ya wiki chache.

Mto wa chuma

Serikali ya koloni iliyoongozwa na John Forrest ilijua kwamba machimbo bila maji ni kambi tu, hayawezi kuwa nchi. Mhandisi mkuu wake, Charles Yelverton O'Connor, Mwairishi aliyetokea New Zealand mwaka 1891 na ndiye aliyeijenga bandari ya Fremantle, akaleta pendekezo ambalo watu wazima walilicheka: kujenga bwawa kwenye mto Helena, katika vilima vya Mundaring karibu na Perth, kisha kuyasukuma maji kwa bomba la chuma umbali wa kilomita 530 kwenda mashariki, yakipanda mlima, kwa vituo vinane vya pampu za mvuke. Galoni milioni tano kila siku. Mwaka 1896 Bunge liliidhinisha mkopo wa pauni milioni mbili na nusu, kiasi kilicholingana na bajeti ya koloni ya mwaka mzima.

Mabomba yapatayo 60,000 yalitengenezwa kwa mabamba ya chuma kutoka Ujerumani na Marekani, yakiunganishwa kwa kufuli ya chuma pembeni, uvumbuzi wa Mwaustralia Mephan Ferguson. Kazi ilichelewa. Wanasiasa walibadilika, Forrest akaenda kwenye serikali mpya ya shirikisho la Australia, na O'Connor akabaki bila ngao. Tuhuma za rushwa kuhusu zabuni zikaanza, na gazeti la Sunday Times la Perth, ambalo Vosper tuliyemtaja alikuwa mmoja wa waasisi wake, likamwandama kwa maneno ambayo leo yangelifikisha mahakamani. Vosper mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1901, lakini tabia ya gazeti ilibaki. Asubuhi ya tarehe 10 Machi 1902 O'Connor alipanda farasi, akaenda pwani kusini ya Fremantle, akaingia majini na kujipiga risasi. Aliacha barua inayosema kwamba mradi uko sawa na angeweza kuumaliza, na katika barua hiyohiyo akaagiza kuta za pembeni za bwawa zijengwe mara moja. Uchunguzi uliofuata haukumtia hatiani kwa rushwa.

Maji yalifunguliwa rasmi Kalgoorlie tarehe 24 Januari 1903, katikati ya joto kali, Forrest akafungua bomba na umati ukashangilia. Bei ikashuka hata mtu wa kawaida akaweza kuoga. Lakini tazama tarehe. Mwaka huo wa 1903 ndio uliokuwa kilele cha dhahabu ya mbio zile; baada ya hapo mavuno yalishuka. Coolgardie ilikwishaanza kuhamwa. Waliofaidika zaidi na bomba lile, kwa miaka mingi iliyofuata, ni wakulima wa ngano na kondoo walioko njiani, na migodi mikubwa ya Kalgoorlie iliyohitaji maji ya mitambo. Waliokufa kwa homa ya matumbo mwaka 1895 walikuwa wamelala.

Yafaa pia kukumbuka kwamba maji hayakuwa mwisho wa taabu. Tarehe 19 Machi 1907 mvua ya radi ilinyesha Bonnie Vale, jirani na Coolgardie, na mafuriko yakaingia mgodini. Mchimbaji wa Kiitalia, Modesto Varischetti, akanaswa chini kwenye mfuko wa hewa, maji yakiwa yamejaa chini yake. Hebu fikiri: jangwani, mtu anakaribia kuzama. Wapiga mbizi na vifaa vyao waliletwa kwa treni maalumu kutoka pwani, na mpiga mbizi Frank Hughes, ambaye naye alikuwa mchimbaji, akapapasa gizani ndani ya maji yenye tope mpaka akamfikia. Baada ya siku tisa akatolewa akiwa hai, na dunia ikasherehekea. Varischetti alirudi kazini migodini. Alikufa mwaka 1920 kwa vumbi la mawe mapafuni, ugonjwa uliowamaliza wachimbaji wa Kalgoorlie kwa mamia bila treni maalumu wala mwandishi wa habari.

Leo Coolgardie ina watu wasiofika elfu moja, wanaokaa kwenye barabara iliyojengwa pana ili msafara wa ngamia uweze kugeuka. Bomba la O'Connor, lililofanyiwa ukarabati mara nyingi, bado linapeleka maji mashariki. Paddy Hannan alipewa pensheni ndogo na sanamu. Bayley alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 31. Dai la ardhi la Wangkatha, lililohusu eneo kubwa la machimbo hayo, lilitupwa na Mahakama ya Shirikisho mwaka 2007 kwa sababu walioliwasilisha hawakuwa wameidhinishwa kwa utaratibu unaotakiwa na sheria. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilitambua dai jingine, la watu wa Nyalpa Pirniku, upande wa Leonora na Laverton.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mbio zake za dhahabu: Sekenke tangu enzi ya Wajerumani, Lupa kule Chunya tangu miaka ya 1920, Kakamega tangu 1931. Wapo bado wazee waliokulia kwenye kambi hizo au waliosimuliwa na wazazi wao waliochimba. Msomaji mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani asimwulize habari za dhahabu tu. Amwulize kisima kilikuwa wapi, kilikuwa cha nani kabla wageni hawajafika, na nani aliruhusiwa kuchota kwanza. Kisha ayaandike majibu.